Saini ya Randa

Benchi la kijiwe lilikuwa mbele ya kibanda cha Soli, fundi viatu, likitazamana na benki kubwa ng'ambo ya barabara. Ukikaa hapo asubuhi unamwona kila anayeingia na kila anayetoka, na kwa jinsi anavyotoka tu watu wa benchi wanajua kama amefanikiwa au amerudishwa. Mama Birika alishawasha jiko lake pembeni, birika juu, vikombe vidogo ndani ya beseni la maji. Breki, dereva wa lori lililolala gereji tangu mwaka jana, alikuwa amekamata ile ncha ya benchi yenye kivuli. Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote bali karani wa idara ya maji mpaka alipostaafu, alikuwa anasoma gazeti la juzi. Wote walimwona Randa akitoka kwenye mlango wa kioo wa benki, mkono wa kulia umezama mfukoni mwa koti, wa kushoto umeshika bahasha. Hakungoja magari yapungue. Alivuka tu, na dereva mmoja akampigia honi.

— Wamekurudisha, akasema Soli hata kabla Randa hajakaa.

— Wamenirudisha.

— Kwa lile lile?

— Lile lile. Saini.

Mama Birika akammiminia kahawa bila kuulizwa, akamwekea kikombe upande wa kushoto kama kawaida yake.

Randa alikuwa seremala. Jina alilipata ujanani, kwa jinsi alivyokuwa akipiga randa ubao mpaka unateleza kama sabuni, na karakana yake ilikuwa hapo hapo nyuma ya kibanda cha Soli. Shule ya jirani ilikuwa imempa kazi ya madawati ya madarasa mapya, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kuzishika. Ila bodi ya shule hailipi mkononi. Inalipa kwa hundi, na fundi naye awalipe wauza mbao kwa hundi, ili wakaguzi wakija wakute kila kitu mahali pake. Kwa hiyo ilitakiwa akaunti ya hundi, si nyingine. Mwalimu mkuu alimwambia alete namba ya akaunti kabla ya Ijumaa kwisha, la sivyo kazi itakwenda karakana ya upande wa pili wa mji. Na leo ilikuwa Alhamisi.

— Leo amesemaje yule karani? akauliza Waziri.

— Amesema saini niliyoweka si ile iliyo kwenye kitambulisho. Nikamwambia ni yangu. Akanipa karatasi nyingine, nikaandika tena. Akazilinganisha. Akaniangalia mimi, akaangalia picha, akaniangalia tena mimi. Halafu akaniuliza hiki kitambulisho nimekipata wapi.

— Wapi! Breki akashika kichwa. Kakuita mwizi huyo!

— Hakuniita mwizi. Ameniuliza nimekipata wapi.

— Sasa tofauti iko wapi?

Hiyo tofauti alikuwa akiitafuta tangu mlangoni na hakuiona. Tena kilichomchoma hasa hakikuwa swali la karani. Ni kwamba mlinzi alisogea karibu na dirisha bila kuitwa, akasimama pale kimya akitazama ukuta, kama mtu ambaye hana habari na lolote.

Waziri akakunja gazeti. Ilikuwa ishara kwamba serikali inataka kutoa tamko.

— Mimi nawaambia, tatizo ni ule mtambo.

— Mtambo gani?

— Ukiweka saini benki, unadhani anayesoma ni yule binti? Yule amewekwa pale kwa ajili ya kusalimia. Chini ya meza kuna mtambo unapima uzito wa mkono. Ukikandamiza sana, unakataa. Ukikandamiza kidogo, unakataa. Sasa wewe unatoka hapa umeshakunywa kahawa, unaingia na mkono una uzito wa kahawa.

— Kahawa yangu haina uzito, akasema Mama Birika.

— Sikusema kwa ubaya, mama.

— Kwa ubaya, kwa uzuri, usiitaje.

— Na huo mtambo uliuona wapi? akauliza Soli, sindano iko mdomoni, mikononi ana kiatu cha kike kilichobanduka kisigino.

— Mtambo wa namna ile hauonekani. Ukionekana una faida gani?

Mwenye kiatu alikuwa amekaa kwenye kigoda ubavuni mwa kibanda, mguu mmoja una kiatu, mwingine umekanyaga gazeti alilotandikiwa na Soli. Alikuwa muuguzi, amehamia zahanati ya jirani si zamani, na sare yake ilikuwa inachungulia chini ya sweta. Hakuna aliyemjua zaidi ya salamu. Alikuwa anasikiliza tu, kama abiria anavyosikiliza redio ya gari la watu.

— Hakuna cha mtambo wala nini, akasema Breki. Ni kalamu. Si mmeziona kalamu zao zilivyofungwa kamba? Sasa ile kamba ni fupi, na saini ya Randa ni ndefu, ina mkia. Anaanza vizuri, anakuja, anakuja, akifika kwenye mkia kamba imekwisha! Saini inakatika. Binti anaangalia, anasema hii siyo.

— Kwa nini wafunge basi?

— Ili sisi wadogo tusifike. Wakubwa wanakuja na kalamu zao mifukoni, hujawaona?

Soli alitoa sindano mdomoni.

— Hapo kuna kitu, akasema. Ila leo si ulikwenda na kalamu yako, Randa?

— Nilikwenda na yangu.

— Basi ni wino, akasema Breki, wala hakutetereka. Mle ndani wameweka baridi ya mashine. Wino wetu huu umezoea jua. Ukiingia kule unashikwa na baridi, unajikunja. Ukijikunja, saini nayo inakuwa ndogo. Mimi nimeendesha magari ya barafu, nayajua mambo ya baridi.

— Wewe ulibeba barafu msimu mmoja tu, akasema Mama Birika.

— Msimu mmoja unatosha kujifunza.

— Mnazunguka tu, akasema Soli. Sikilizeni niwaambie. Benki kubwa namna ile ina matawi kila mahali. Sasa huko, sijui wapi, yuko Randa mwingine. Uso wake kama wa huyu, kitambulisho kama cha huyu, na ile saini yenye mkia anayo yeye. Alishafungua akaunti zamani. Leo huyu wetu akienda, wanamwona yeye ndiye wa bandia.

— Acha hizo! Na kazi yake nini huyo mwingine?

— Seremala.

— Ana karakana?

— Kubwa. Ina geti.

— Basi hata madawati yangu anayo yeye, akasema Randa, na kidogo kicheko kimtoke.

Aliwapenda watu hawa. Msumeno wa mashine ulipomchukua kidole cha shahada na cha kati, na akarudi kwenye benchi mkono umefungwa bandeji, hakuna aliyemwambia pole mara ya pili. Soli alizungumzia mpira. Waziri alizungumzia mabomba ya maji. Breki akamsogelea na kumpisha kivulini, kitu ambacho Breki hamfanyii mtu. Mama Birika alianza kuweka kikombe upande wa kushoto. Hawakukaa kikao wakakubaliana. Ilitokea tu, ikawa sheria. Watu wanaoweza kubishana siku nzima kuhusu bei ya kiberiti hawakuligusa jambo hilo hata kwa mzaha, na bandeji ilipotoka mkono ukaingia mfukoni, ukakaa huko. Randa aliwashukuru kimoyomoyo kwa hilo kuliko kwa lolote walilowahi kumfanyia.

Kwa hiyo mitambo, kamba, baridi na mapacha wa mbali wangeweza kutajwa asubuhi nzima. Mwenyewe alijua vizuri kilichotokea pale dirishani. Ile saini ya kwenye kitambulisho aliitunga akiwa kijana mwanagenzi, akaifanyia mazoezi kwenye vipande vya mbao kwa kisu na kwa penseli: herufi ya kwanza kama ndoano, kisha mawimbi, kisha mkia unaoshuka na kuzunguka chini mpaka unarudi ulikoanzia. Ilikuwa nzuri. Aliionea fahari. Na kila alipofika benki alikuwa anasimamisha bahasha mbele ya mkono wake, kama mwanafunzi anayemficha jirani majibu, anajaribu kuichora upya haraka haraka kabla hajatazamwa. Ndoano ilitoka. Mawimbi yakatoka kwa shida. Mkia ulikuwa unakimbilia pasipojulikana.

— Hebu lete hicho kitambulisho, akasema Waziri.

Randa akampa. Waziri akavaa miwani, akakodoa macho, akakiweka karibu na pua kisha mbali. Akaomba mfuniko wa boksi la viatu, akatoa kalamu ya wino mfukoni mwa shati, akazungusha kiwiko hewani mara mbili tatu kama mtu anayelegeza mashine iliyokaa bure. Kisha akaandika kwa mkupuo mmoja.

Ndoano. Mawimbi. Mkia.

— Toba! akasema Breki.

Wakapokezana mfuniko. Soli akaweka kitambulisho kando ya boksi, akatafuta tofauti, hakuipata. Hata Mama Birika aliacha jiko akaja kuangalia.

— Umejifunzia wapi mambo haya, wewe mzee?

— Idara ya maji. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu wa safari. Kazi haziwezi kusimama kwa sababu ya mtu mmoja.

Mfuniko ukamfikia Randa. Aliuweka juu ya paja akautazama. Hakuwa ameiona saini yake ikiwa mbichi, wino unang'aa, tangu siku ile ya msumeno. Ilikuwa ni yeye kabisa. Na ilikuwa imetoka kwenye mkono wa mtu mwingine, bila taabu yoyote, juu ya boksi la viatu. Akamalizia kahawa yake.

— Tatizo limekwisha, akasema Waziri. Karatasi unayo?

— Ninayo. Ila wanataka nisaini mbele yao.

— Hapo ndipo ninapoingia mimi, akasema Breki. Unafika dirishani na karatasi imeshasainiwa, umeifunika. Unajifanya unaandika. Mimi niko kwenye foleni nyuma yako. Naanguka.

— Unaanguka vipi?

— Naanguka! Kifafa, njaa, sijui. Binti anasimama, mlinzi anakuja kwangu, wewe unaitoa karatasi.

— Na wakikupeleka hospitali?

— Napumzika kidogo.

— Hapana, akasema Soli. Ukianguka watafunga benki, na kesho ndiyo mwisho. Afadhali aende Waziri mwenyewe. Avae koti la Randa, avae kofia, asitazame juu. Urefu wao ni mmoja. Asaini mbele yao kama wanavyotaka, atoke. Nani atajua?

— Picha je?

— Picha za vitambulisho hazifanani na mtu yeyote.

Waziri hakukataa. Alijitengeneza kola. Breki akasema yeye atamfundisha kutembea kama seremala. Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa na macho, na macho yote yalikuwa kwa Randa. Naye akafikiria madawati. Akafikiria mkewe, ambaye alishawaambia ndugu zake wote kuhusu kazi ya shule. Akamfikiria mlinzi akitazama ukuta. Mwaka mzima wa kazi, na kinachohitajika ni koti tu.

— Haya, akasema taratibu. Tujaribu.

Akaanza kuvua koti. Bega la kushoto likatoka. La kulia likakwama, kwa sababu mkono ulikuwa bado mfukoni, ikambidi autoe. Akautoa. Ukapita katikati yao mbele ya jiko, mchana kweupe: dole gumba, kisha pengo lenye kovu lililong'aa, kisha kidole cha pete na cha mwisho. Soli akainamia kiatu. Breki akatazama benki.

Muuguzi ndiye aliyesema. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza saa.

— Samahanini jamani, mimi mgeni hapa, nangoja kiatu changu. Kwani huyo karani ameuona mkono wa kaka?



Lori likapita barabarani, likatokomea. Waziri alivua miwani, akaivaa. Breki akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe hapo, akaufunga bila kutoa kitu. Mama Birika aliinua birika akalitikisa, likasikika jepesi.

— Kahawa imekwisha, akasema, ingawa hakuna aliyeomba.

— Nimekosea? muuguzi akauliza.

— Hujakosea, dada, akasema Randa. Hajauona. Nimeuficha.

— Sasa mbona hukusema? Breki akalipuka. Siku zote hizi tunaumiza vichwa hapa!

— Mbona hamkuuliza?

Hakusema kwa hasira. Lakini Breki akainamisha uso, na Soli akaacha kushona.

— Tuliogopa, akasema Soli. Tulidhani hutaki.

— Nilikuwa sitaki.

Akasimama. Koti akaliacha pale pale kwenye benchi. Waziri alitaka kumsindikiza, akamzuia. Alivuka barabara na shati tu, mkono wa kulia unaning'inia nje, haujui uende wapi. Mara mbili aliukuta unatafuta mfuko ambao haupo.

Ndani ya benki kulikuwa na baridi kweli, na foleni ilikuwa inajikunja mpaka mlangoni. Mlinzi alimtambua. Randa akapanga mstari, akasogea kadiri watu walivyosogea. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mwanamke wa mbele yake aliutazama ule mkono kwa muda mrefu, akachoka, akageukia taa za darini. Randa hakuwa ametegemea mtu aweze kuuchoka.

Karani alipomwona alishusha pumzi.

— Mzee, si tulishaongea asubuhi?

— Tuliongea. Kuna kitu sikukwambia.

Akauweka mkono juu ya meza, kiganja chini, ukaonekana wote hata upande wa pili wa kioo.

— Saini ya kwenye kitambulisho niliiweka nikiwa na vidole vyote. Baadaye msumeno ukanikata. Ile siwezi tena kuiandika. Nilikuwa najaribu kuiiga.

Karani akautazama mkono. Hakukwepesha macho, wala hakuyaacha pale zaidi ya inavyopasa. Mlinzi, aliyekuwa ameshaanza kusogea, akasimama, kisha akarudi mlangoni.

— Ungeniambia mapema, baba.

— Ningekwambia.

— Mimi nilidhani...

— Najua ulichodhani.

— Nisamehe, akasema yule binti, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Akaenda nyuma, akarudi na bosi wake, mwanamke mtu mzima mwenye funguo shingoni. Wakamwomba aweke dole gumba la kulia kwenye kijimashine. Akaliweka. Kikawaka kijani, na jina lake likatokea kwenye kompyuta pamoja na uso wake wa zamani. Bosi akatingisha kichwa kukubali, akasaini mahali pake, akaondoka.

— Sasa sikiliza, baba, akasema karani. Ingekuwa akaunti ya akiba, tungeweka alama ya dole gumba, basi. Lakini ya hundi, kila hundi utakayoandika inataka saini, popote utakapokuwa. Tunaweza kupokea saini mpya. Ila lazima uwe unaiweka hiyo hiyo kila mara. Unaweza?

— Sijui, akasema Randa. Sijawahi kuwa nayo.

Binti akamsogezea kadi chini ya kioo, na kalamu.

Randa akaishika kalamu kati ya dole gumba na kidole cha pete, kama anavyoshika penseli akipiga mstari kwenye ubao. Hakuweka bahasha mbele. Ndoano ilijileta yenyewe kwenye akili, akaiacha ipite. Aliandika jina lake kwa mistari mifupi iliyosimama, mmoja mmoja, akitulia kabla ya kila mmoja, na mwishoni hakuweka mkia.

— Na hapa chini tena, akasema karani.

Nyuma yake mwanamume mmoja wa kwenye foleni alisonya.

— Namhudumia mzee, karani akamwambia bila kuinua uso. Baba, usiwe na haraka.

Akaandika tena. Jasho lilimtoka kwenye ile baridi yote. Alipomaliza mkono ulikuwa unauma kama umeranda mlango mzima, akaulaza juu ya meza upumzike.

Karani akaichukua kadi. Akatazama saini ya juu, akatazama ya chini, akarudi juu.

— Zinafanana, akasema.

— Naomba nizione.

Akamgeuzia. Randa akainama karibu na kioo, akazitazama zote mbili kama anavyotazama viungo vya dawati kabla ya kupaka rangi. Zilikuwa zimepinda kidogo, na zilikuwa zimepinda kwa namna moja.

— Ndiyo, akasema. Ni za mtu mmoja.